Daftari na Mwenye Mali

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ni ya watu wa jahazi na duka, watu waliojua kuwa kichwa cha binadamu ni chombo kinachovuja, na kwamba neno likishatiwa wino halibadiliki kwa hasira wala kwa usahaulifu. Lakini walioitunga hawakuuliza swali la pili, pengine kwa kuwa katika zama zao halikuwa na haja ya kuulizwa: daftari likiwapo, na mwenye mali asiweze kulisoma, je, mali hiyo imehifadhika au imepotea? Na ikiwa imepotea, ni nani aliyeipoteza?

Swali hili lingeweza kuulizwa popote, ila mahali pawili hapa litakapoulizwa ni Kibaha na Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, zinazopakana na Dar es Salaam kwa upande wa bara. Kibaha iko kando ya barabara kuu iendayo Morogoro. Ni makao makuu ya mkoa, na ndipo ulipoanza mwaka 1963 mradi wa nchi za Nordiki uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, ambalo serikali ya Tanzania ilikabidhiwa mwaka 1970. Kisarawe iko vilimani, nyuma ya Pugu, nchi ya Wazaramo, nchi ya minazi, mihogo na mikorosho. Jiji limekuwa likizisogelea zote mbili mwaka hadi mwaka. Reli ya kisasa iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro mwaka 2024 imepita Soga na Ruvu, ndani ya Kibaha. Palipopita reli, barabara na viwanja vipya, shamba la jana huwa mali ya leo. Na mali, kama ilivyosemwa, hutaka daftari.

Daftari lenyewe limebadilika umbo. Masijala ya zamani ilikuwa chumba chenye rafu, majalada yaliyofungwa kwa kamba, na mtunza kumbukumbu aliyejua kila jalada lilipolala. Katika miaka ya karibuni ofisi za umma nchini Tanzania zimekuwa zikiyahamisha majalada hayo kwenda kwenye mifumo ya kompyuta, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaweka msingi wa kazi hiyo. Faida zake ni wazi. Barua haipotei njiani, jalada haliliwi na mchwa, na mkubwa hawezi tena kusema kuwa dokezo halikumfikia. Ni jambo jema, na lisemwe kuwa ni jema kabla ya kuulizwa lolote.

Na wawekwe sasa watu wawili wa mfano, wasio na majina kwa kuwa wenziwao ni wengi. Wa kwanza ni ofisa kijana aliyepangiwa kazi Kibaha, asiyeona tangu utotoni. Alisoma kwa nukta nundu, akafika chuo kikuu, akaajiriwa. Kompyuta yake ina programu ya kusomea skrini, ambayo huyageuza maandishi kuwa sauti. Huandika kwa kibodi bila kugusa kipanya, na masikio yake yamezoea kasi ambayo mwenye kuona angeidhania kelele. Wa pili ni mkulima mzee wa upande wa Maneromango, Kisarawe, ambaye mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, naye ametumiwa taarifa kwamba sehemu ya shamba lake inatakiwa kwa kazi ya umma. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinamwahidi fidia kamili, ya haki na ya haraka. Lakini ahadi hiyo ina masharti na siku zake, na masharti na siku hizo zimo ndani ya waraka.

Waraka wa zama hizi huzaliwa ukiwa hai. Karani huuchapa kwenye kompyuta, na kwa saa hiyo kila herufi inajulikana kuwa ni herufi. Mashine yoyote yaweza kuisoma, kuikuza au kuitamka. Kisha waraka huo hutolewa kwenye karatasi, hutiwa saini, hugongwa muhuri, na karatasi ile ikapitishwa kwenye skana ili irudi ndani ya mfumo. Kinachorudi ni picha ya maandishi. Mwenye kuona hagundui mabadiliko yoyote. Programu ya kusomea skrini, kwa upande wake, ikifika hapo hunyamaza, au husema tu kwamba pana picha. Barua ambayo mwenzake wa meza ya pili ameimaliza kwa dakika moja, kwa ofisa wa Kibaha ni ukurasa wa kimya. Waraka umeuawa ili upate kuaminiwa.

Husemwa kwa wepesi kwamba tatizo ni macho ya ofisa na macho ya mzee. Huu ndio mzizi wa mjadala, na pwani ina historia yake ya kuujibu. Kwa karne nyingi watu wa pwani waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Barua za biashara, wasia, hati za mashamba na tenzi ndefu ziliandikwa hivyo. Wajerumani walipoingia, mwanzoni waliandikiana na maliwali na maakida kwa herufi hizohizo. Baadaye shule za serikali na za misheni zikashika herufi za Kilatini, na ofisi zikazifuata. Chuo cha misheni cha Mtakatifu Andrea, kilichokuwa Kiungani hapa Unguja, kilihamishwa mwaka 1925 kikapelekwa Minaki, na Minaki iko Kisarawe. Kwa wanafunzi wa Minaki huo ulikuwa mlango uliofunguka. Lakini mzee wa pwani aliyekuwa akisoma na kuandika, aliyewaandikia majirani barua na kuwahesabia mirathi, aliamka siku moja akaambiwa na ofisi kuwa hajui kusoma. Macho yake yalikuwa yaleyale. Elimu yake ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni karatasi, naye akaandikwa kuwa mjinga kwa kosa la karatasi.

Mfano wa pili hauko mbali. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, mtu wa Kibaha aliyeshtakiwa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili, na mashahidi wake wakasema kwa Kiswahili, aliweza kukabidhiwa hukumu iliyoandikwa kwa Kiingereza. Ni mwaka 2021 ndipo sheria ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Hakuna aliyedai wakati ule kuwa dawa ni kila mwananchi kwanza ajifunze Kiingereza ndipo apate haki yake. Ilionekana kuwa ni waraka uliotakiwa kumfuata mtu. Ikiwa hivyo ndivyo kwa lugha, na hivyo ndivyo kwa herufi, basi anayetaka kusema kuwa sivyo kwa asiyeona ndiye mwenye kubeba mzigo wa kueleza tofauti iko wapi.

Sheria za ulimwengu zimekwisha kuelekea huko. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006. Tanzania iliuridhia mwaka 2009, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa sheria yake ya mwaka 2006. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, katika ibara yake ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa, wala haikuongeza maneno ya kumtoa asiyeona. Kwa upande wa mafundi, muungano wa wataalamu wanaosimamia kanuni za intaneti duniani ulitoa mwongozo wa kwanza wa kurasa zinazofikika mwaka 1999, ukautengeneza upya mwaka 2008, kisha 2018 na 2023. Mwongozo huo umesimama juu ya nguzo nne: kilichomo kiweze kutambulika kwa hisi aliyonayo mtu, kiweze kutumika kwa viungo alivyo navyo, kieleweke, na kiwe imara kiasi cha kusomwa na mashine za aina nyingi. Nyaraka za PDF nazo zilipata kanuni yao ya kimataifa mwaka 2012. Tangu Juni 2025 sheria ya Ulaya inawalazimisha wauzaji wa bidhaa na huduma nyingi za kidijitali kufuata masharti ya namna hiyo.

Hapa pana kinaya ambacho hakipasi kupitwa. Programu ikinunuliwa kutoka nchi za mbali na ikawa inasomeka, yawezekana ofisa wa Kibaha anafaidika na hukumu iliyotolewa kwa ajili ya mtu wa Marekani au Ujerumani asiyemjua. Ni neema, na neema haikataliwi. Lakini haki inayopatikana kwa sababu jirani alidai yake ni kama kivuli cha mwembe wa mtu mwingine: hukaliwa kwa raha mpaka mwenyewe aamue kuukata.

Wapo wanaouliza, na swali lao ni la haki kuulizwa: hawa wasioona ni wangapi, hata wilaya yenye upungufu wa madawati na vyoo vya shule itumie fedha kwa ajili yao? Asiwepo wa kulijibu kwa hasira, maana anayeliuliza mara nyingi ndiye aliyekalia kikapu kitupu akitakiwa kuwagawia wengi. Jibu la kwanza ni la hesabu. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta kwamba zaidi ya mtu mmoja katika kila kumi wenye umri wa miaka 7 na kuendelea ana ulemavu wa namna fulani. Na wasioonekana katika hesabu hiyo ni wengi pia: mzee ambaye herufi ndogo zimeanza kumkimbia, mtu anayesoma ujumbe juani kwenye simu iliyopasuka kioo, aliyevunjika mkono asiyeweza kushika kipanya. Hujafa hujaumbika, na methali hiyo si ya kutishana. Ni taarifa ya kweli juu ya kila mwenye mwili.

Jibu la pili ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haina bei. Kuuacha waraka ubaki maandishi badala ya kuuchapisha na kuupiga picha ni kupunguza gharama, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ilikwisha kuitambua saini ya kielektroniki. Kukipa kichwa cha habari alama ya kichwa cha habari, kuandika jina la kila kisanduku cha fomu mahali ambapo mashine italiona, kuieleza picha kwa maneno, kuacha kuandika kwa kijivu hafifu juu ya weupe: haya yanadai mazoea, wala hayadai bajeti. Kinachogharimu ni kuanza vibaya. Mfumo uliojengwa bila kufikiriwa ni kama nyumba iliyosahauliwa mlango. Kuutoboa ukuta baada ya paa kuezekwa ni kazi ghali, na mwenye nyumba humlaumu mgeni kwa gharama hiyo.

Lakini jibu la tatu ndilo zito zaidi. Waislamu wa pwani wanakijua kisa cha Abdallah bin Ummi Maktum, kipofu aliyemjia Mtume (S.A.W.) akitaka kufunzwa, wakati Mtume yu katika mazungumzo na wakubwa wa Makka ambao kusilimu kwao kungevuta wengi. Kwa hesabu ya faida, kuwashughulikia wakubwa kwanza kulikuwa na hoja. Sura ya 80 iliteremka kwa ajili ya tukio hilo, na somo lake halikuwa la kumhurumia kipofu. Somo lilikuwa kwamba ajaye mwenyewe kwa haja ya kujua ana haki ya kukabiliwa uso, na kwamba uzito wa mtu haupimwi kwa wingi wa wafuasi wake. Hoja ya idadi, pamoja na nguvu zake, ilipimwa hapo ikaonekana nyepesi.

Pingamizi la pili ni la upole, na kwa hiyo ni gumu zaidi kulijibu. Husemwa: kwetu hatuachani. Mzee atasomewa na mjukuu, ofisa atasomewa na mwenzake. Hisani haiozi, na mashine ya nini pale penye watu? Ndani yake mna ukweli wa desturi nzuri. Barua za pwani zimesomwa barazani kwa sauti tangu zamani, na mtoto aliyejua kusoma alikuwa macho ya mtaa mzima.

Ila na aangaliwe yule mzee wa Kisarawe. Waraka unahusu shamba, na anayemsomea ni mpwa wake, ambaye naye analitaka shamba hilo. Mpwa aweza kuwa mwaminifu kabisa. Aweza pia kuruka mstari mmoja, ule wenye tarehe ya mwisho ya kupinga. Mzee hana njia ya kujua, na kwa kuwa hana njia ya kujua, hata uaminifu wa mpwa unageuka kuwa bahati. Zaidi ya hayo, ziko nyaraka ambazo mtu hapendi zipite katika kinywa cha mwingine: majibu ya hospitali, barua ya onyo kazini, hati ya talaka. Siri ni sehemu ya heshima ya mtu. Mwenye macho huichukulia kuwa yake bila kufikiri. Asiyeona hutakiwa kuilipa kila siku kama kodi ya msaada anaopewa. Hisani haiozi, lakini hisani yaweza kukataliwa, kucheleweshwa na kusimangwa. Haki haiombwi kwa sauti ya chini.

Tena si kweli kwamba kupokea maneno kwa sikio ni kusoma kwa daraja la pili. Siti binti Saad, aliyetoka Fumba akafika hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, hakuwa amepata elimu ya kusoma na kuandika. Alijifunza mashairi kwa kusikia, na Kiswahili kikampokea bila kumuuliza cheti. Taha Hussein wa Misri, aliyepoteza macho utotoni, aliwasomesha taifa zima fasihi yake lenyewe, akawa waziri wa elimu kuanzia mwaka 1950. Masikio ni mlango wa heshima. Wapenzi wa ushairi wanalijua hilo kuliko watu wengine wote, maana shairi lisilosikika vema halijakamilika.

Kwa hiyo sheria ifuatwe. Lakini yapo maradhi yanayozaliwa na utii wenyewe. Fundi aweza kuamriwa mfumo wake utimize masharti, naye akautimizia kama mtoto anayenawa ncha za vidole. Kila picha akaipa maelezo ya neno moja, "picha". Akaiendesha programu ya ukaguzi, ikampa alama za juu, kwa kuwa programu ya ukaguzi huweza kujua kwamba maelezo yapo, ila haiwezi kujua kama yana maana. Taarifa ikaandikwa kwamba sheria imefuatwa, na hakuna asiyeona hata mmoja aliyeitwa kuujaribu mfumo huo kwa dakika kumi.

Kosa moja la aina hii linawagusa wenye lugha. Mwongozo wa kimataifa, katika daraja lake la chini kabisa, unadai kila ukurasa utangaze umeandikwa kwa lugha gani. Tangazo hilo halionekani kwa macho. Ni alama ndogo iliyofichwa ndani. Isipowekwa, au ikiachwa kama ilivyotoka kiwandani, mashine huyachukua maneno ya Kiswahili ikayatamka kwa kanuni za Kiingereza. Irabu hupinda, silabi humezwa, na barua yenye adabu kamili ya Kiswahili hufika masikioni kama maneno ya mgeni aliyeshuka melini asubuhi hiyo. Programu za bure zenye kutamka Kiswahili zipo. Kinachokosekana ni mtu wa kuiambia mashine kwamba hiki ni Kiswahili. Waraka hapo una maandishi, na ukaguzi wa haraka ungeupitisha. Hata hivyo, mzee wa Maneromango asingeutambua kuwa umeandikwa kwa lugha ya mama yake. Sheria huweza kudai alama iwekwe. Kujali kama imewekwa kwa kweli ni jambo la moyo.

Na hukumu hii isiishie kwa karani wa Kibaha. Miswada ya kale ya tenzi za Kiswahili, kama ile iliyokusanywa na J.W.T. Allen na kuhifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mingine iliyoko London, ni mali ya watu wote wa lugha hii. Muswada unapopigwa picha ukawekwa kwenye kompyuta, wapenzi wa ushairi hushangilia kuwa umeokolewa, nao wana haki ya kushangilia. Lakini mpenzi wa ushairi asiyeona akiufungua, hukuta kimya kilekile cha barua ya ofisini. Vivyo hivyo diwani zilizochapwa zamani. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, ulikusudiwa kuondoa kizuizi cha hakimiliki ili vitabu viweze kugeuzwa kuwa nukta nundu au sauti. Kizuizi cha sheria kikiondoka, hubaki kazi ya mkono: mtu akae, aunukuu utenzi beti kwa beti, herufi za Kiarabu azipe wenzao wa Kilatini, autangaze kuwa ni Kiswahili. Kazi hiyo haimngojei waziri. Inawangojea wale wanaosema kwamba wanaupenda ushairi.

Hata kazi yote hiyo ikifanyika, mzee wa Kisarawe huenda hana simu, na ofisa wa Kibaha huenda akakatikiwa na umeme katikati ya barua. Kufikika kwa waraka hakumalizi dhiki ya mtu. Kunaondoa dhuluma moja tu, ile ya kumwambia mtu kuwa amepewa kilicho chake huku amepewa kilichofungwa, kisha akalaumiwa kwa kutokifungua.

Walioitunga methali ya daftari walikuwa wafanyabiashara, nao walijua kwamba hesabu inayosomwa na upande mmoja peke yake bado haijawa hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Na daftari lililofungwa kwa mwenyewe huipoteza mali hiyohiyo, ila safari hii habari zipo, zimehifadhiwa vizuri, zina saini na muhuri, na kila mtu katika ofisi anazijua isipokuwa yeye.